Samaki Wawili wa Jiwe Moja

Wa ziwa moja si wa tangi moja. Methali hiyo mliisikia jana kwenye kikao cha ukoo, mkacheka, na leo mnauliza imetoka wapi. Imetoka sebuleni kwa Bi Mwamvua, kule Ujiji. Sikilizeni.

Mumewe, Songoro, alikuwa mzamiaji. Alikamata samaki wa mapambo kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika, wale wanaopelekwa mbali kufugwa majumbani. Alipoacha kuzamia alitengeneza tangi la kioo, akaliweka sebuleni, akapanga mawe, kisha akaleta samaki wawili weusi wenye mkanda wa njano kiunoni. Wote aliwatoa kwenye jiwe moja.

"Hawa ni majirani tangu wazaliwe," alisema. "Hawatasumbuana."

Wakati huohuo aliamua kumhamishia mke mdogo, Bi Tatu, katika nyumba hiyo. Bi Tatu alikuwa na nyumba yake Gungu, na Songoro alikuwa amechoka kwenda huku na huku. Hoja yake ilikuwa ileile: wake zake walipatana, hata kwenye harusi walisonga ugali sufuria moja.

Bi Mwamvua hakupinga. Kuta za nyumba ile alizisiriba mwenyewe, lakini angetia neno angeambiwa ana wivu. Akawa analisha samaki.

Akaona mambo. Samaki mmoja aliteka mawe yote. Mwenzake kila akishuka alifukuzwa, mpaka akaishia juu kwenye kona, nyuma ya mpira wa kupitishia hewa, mapezi yamechanika.

Bi Tatu alipokuja na Songoro kutazama chumba chake, alisimama mbele ya tangi.

"Huyu wa kwenye kona ana nini?"

"Anapigwa," alijibu Bi Mwamvua.

"Na nani?"

"Jirani yake."

Bi Tatu akamgeukia mume wao. "Baba Shani, mimi nikihamia, kona yangu ni ipi?"

"Acha masihara. Nitawaongezea mawe."

"Kwani ziwani hawakugombana?"

"Waligombana," alisema Songoro, maana kuhusu samaki hakujua kudanganya. "Ila kule anayeshindwa anakwenda zake."

"Na hapa aende wapi? Jikoni?"

Bi Mwamvua akacheka hadi akashika ukuta. Songoro hakucheka.

"Dada," Bi Tatu akamwambia mke mwenzake, "mimi nakupenda ukiwa Ujiji."

"Nami nakupenda ukiwa Gungu, mdogo wangu."

Songoro akachukua ndoo, akamtoa yule wa kwenye kona, akampeleka ziwani. Samaki alizama kwenye mawe bila kugeuka. Bi Tatu naye akarudi kwake.

Harusi iliyofuata, wanawake wale wawili walisonga ugali sufuria moja kama kawaida. Mgeni mmoja akamuuliza Songoro kwa nini watu wanaopendana hivyo asiwaweke nyumba moja.

Songoro akanawa mikono kwanza, ndipo akamjibu: "Wa ziwa moja si wa tangi moja."