Mkeka wa Tima na Skrubu ya Maji

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya kuchota kisimani. Mifereji ilikwisha kuingia majumbani na watu wamekwisha kuilalamikia. Mjini Tanga palikuwa na bibi mmoja, Bi Mwanatumu. Yeye akikaa ghorofani, mwanawe Swaleh na mkewe Zainuba wakikaa chini. Bi Mwanatumu alikuwa na mkeka. Mwaka mzima aliusuka, ukili wa rangi tatu, kwa harusi ya mjukuu wake Tima, na alipomaliza kuushona, macho yake nayo yakamaliza kazi. Hasuki tena. Mkeka ukakunjwa, ukawekwa stoo ya chini, na harusi ikabaki siku tatu.

Basi maji ya ghorofani yakapungua. Bibi akitaka kutawadha, mfereji unatoa uzi. Hakutulia. Anakaa, anainuka, anafungua, anafunga, anafungua tena. Wageni wa harusi wataoga nini?

Chini, penye bomba linalotoka mtaani, palikuwa na regulata, kidude cha shaba chenye skrubu kichwani. Kazi yake ni kupunguza presha ya mtaani isipasue mabomba ya nyumba. Ukiikaza skrubu, presha inapanda.

Asubuhi akamwita Swaleh. "Mwanangu, maji hayapandi. Lakini mkeo asijue nimelalamika, atadhani namsema." Swaleh akashuka, akakaza skrubu mizunguko miwili. Maji yakaongezeka kiduchu, basi.

Adhuhuri akamwita Zainuba. "Mwanangu, maji hayapandi. Lakini mumeo asijue nimelalamika, ataona siridhiki." Zainuba akashuka, akakaza mizunguko miwili. Maji kiduchu vilevile.

Alasiri, roho juu, akamwita fundi Nyale. Nyale akaifungua regulata, akakuta chujio lake limejaa mchanga. "Ugonjwa ndio huu, mama." Akalisafisha, akalirudisha. Kisha akauliza, "Kuna aliyegusa skrubu hii?"

Swaleh akamtazama mama yake. Zainuba akamtazama mama mkwe. Bi Mwanatumu akasema upesi, "Nani aiguse? Hakuna."

Geji ya kupimia presha Nyale alikuwa ameiacha kwenye kazi nyingine. Akafungulia maji, akaenda zake.

Maji yakapanda, si mchezo! Bibi akatawadha kwa furaha, akasimama kuswali. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nao hawakuwahi kuona regulata. Ndiyo kwanza ametoa salamu, bomba la ukuta wa stoo likapasuka. Walipofika, mkeka unaelea, nyekundu imeingia kwenye kijani, kijani kwenye zambarau. Bi Mwanatumu akalia kama aliyefiwa.

"Sina macho ya kusuka mwingine," akasema. "Aliyeuharibu ndiye atakayempelekea Tima, amwambie kwa kinywa chake: ni mimi."

Swaleh akasema, "Nilikaza miwili tu, tena kwa ajili yako, mama. Miwili ingepasua nini?"

Zainuba akasema, "Yangu pia miwili. Ningejua kuna ya Swaleh, nisingeigusa."

Fundi Nyale, aliyeitwa akarudi mbio, akasema, "Mimi ndiye niliyetibu ugonjwa wenyewe. Nikauliza, nikajibiwa hakuna."

"Fundi hapimi kwa maneno!" Zainuba akamjia juu. "Geji yako iko wapi?"

"Na wewe uliyelisikia swali, ulimi wako ulimezwa na nani?"

"Mama mkwe ameshajibu. Nimkane mbele ya mgeni?"

Hapo wote watatu wakamgeukia bibi. Bi Mwanatumu akaushika upindo wa mkeka, akauachia, akaushika tena. "Nilitaka maji tu," akasema, "na nyumba yenye amani. Ni kosa kuwasitiri wanangu?"

Hajajibiwa, hodi ikapigwa mlangoni. Ni Tima, anacheka tangu nje. "Bibi! Nimekuja kuuona mkeka wangu!"

Hakuna aliyeinama kuuokota. Haya, nyinyi mnaotikisa vichwa, mkeka uko majini na bibi harusi yuko mlangoni. Je, nani alistahili kuubeba?