Cheti cha Mzee Fumbwe

Mzee Fumbwe alikuwa na kiwanda cha sabuni ambacho moshi wake uliukoholesha mji mzima. Wanunuzi wake wa Maskati walipodai cheti cha hewa ukaa, kinachoonyesha kiasi cha moshi wa kiwanda, alimwita Zamoyoni, mpimaji wa moshi wa viwanda.

"Binti, andika sifuri. Ukikataa, kesho huna kazi."

"Nani akatae, mzee? Ila sifuri ni jambo la kutangazwa hadharani. Waalike wanunuzi wako, tuwakirimu hapa uani, chini ya bomba la moshi."

Fumbwe alifurahi, akachinja mbuzi watatu. Wageni walikuja na kanzu nyeupe pepe. Hawajamega hata tonge la pili, masizi yakaanza kudondoka mabegani mwao na juu ya pilau. Mkubwa wao akainuka, anatafuta viatu.

"Zimeni tanuri!" Fumbwe aliwafokea wafanyakazi. "Upesi!"

Tanuri likazimwa. Zamoyoni alielekeza kipimo juu, akasubiri moshi uishe, kisha akatia saini mbele ya wote.

"Hongera, mzee. Ni sifuri kweli. Cheti hiki ni halali tangu sasa mpaka siku utakapoliwasha tena."