Kisharubu Amwalika Fisimaji

— Nitoe, nisitoe?
— Toa!
— Masikio yako wapi?
— Yako kwako!

Hapo zamani za kale, kule milimani, palikuwa na kijito kiitwacho Mbeleko. Humo aliishi Kisharubu, samaki jike mwembamba kama kijiti, mwenye masharubu sita. Samaki wa aina yake hawakuwako mto mwingine wowote, ila humo tu, chini ya mawe.

Perege walimcheka. "Kisharubu, hata mto mkubwa huujui!"

"Siujui," akajibu. "Lakini humu najua kila jiwe."

Basi kiangazi kikaja. Kijito kikakauka, kikakauka, kikabaki kidimbwi kimoja. Samaki wote wakabanana humo. Fisimaji, yule mnyama mla samaki, akaja, akaketi ukingoni, akajilamba midomo.

"Leo nakula mpaka nivimbiwe!"

Perege wakalia. Mara masharubu yakaanza kumwasha Kisharubu, washa washa washa! Kwa jamii yake, hiyo ni habari ya mvua. Akajua huko juu imeshamwagika, maji yako njiani.

Akachungulia. "Shikamoo, Bwana Fisimaji! Kwetu mgeni hali kabla ya kuimbiwa."

"Marahaba. Imbeni upesi!"

Wakaimba:

*Fisimaji, tumbo ngoma,*
*karibu ule, karibu ule!*

Fisimaji akacheka. "Sasa nakula!"

"Bado kucheza, Bwana. Tumesikia hapana kiuno kama chako."

Lo, Fisimaji na sifa! Akacheza, ti! ti! ti! vumbi likatimka, akahema.

"Sasa nakula!"

"Bado kuoga, Bwana. Mtu mkubwa kama wewe ale na vumbi? Ingia katikati, tukusugue mgongo."

Akaingia, akafumba macho. Perege wakamsugua, sugu sugu sugu. Akaanza kukoroma!

Ardhi ikanguruma. Kisharubu akanong'ona, "Jamani, nifuateni!" Akawaongoza mmoja mmoja hadi pangoni chini ya jiwe kubwa.

Vuuuu! Maji yakashuka. Yakamzoa Fisimaji miguu juu, yakamteremsha bonde kwa bonde, mpaka mto mkubwa. Akasikika akipiga kelele, "Jamani, bado sijala!"

Perege wakatoka pangoni, wakacheka hadi mapezi yakalegea. Wakamwita Kisharubu "shangazi" tangu siku hiyo, wakamchezea ngoma kijito kizima.

Basi, wanangu, msimdharau mtu kwa udogo wake, wala kwa kuwa hajatembea mbali. Anayepajua kwao vizuri anaweza kuwaokoeni nyote.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliyeipenda na aibebe.