Mhunzi Aliyelinganisha Patu

Sogeeni, na anayejua zaidi yangu anyamaze kwanza.

Kisiwani Bali, mbali huko mashariki, paliishi mhunzi, Pande Rundah, na binti yake mcheza ngoma, Luh Rasmin. Mababu zao walipopokea miungu ya Bara Hindi, Saraswati, mungu wa kike wa muziki, aliwafundisha kufua patu, sahani za shaba za kupigwa ngomani, mbili mbili, mmoja ukipishana sauti kidogo tu na mwenzake. Zikipigwa pamoja hutetema, na katika mtetemo huo Saraswati hushuka kumchezesha binti.

Lakini Rundah, fundi wa kujiona! "Hizi zina kasoro," akasema. "Nitazilinganisha."

Akakwangua upatu mmoja kwa tupa. Ukalia, "Rundah, usinifananishe!"

Akakwangua tena. "Rundah, usinifananishe!"

Akakwangua mara ya tatu. Upatu haukusema tena.

Jioni patu zote mbili zikapigwa hekaluni. Sauti ikatoka moja, imenyooka kama ufito. Luh Rasmin akainua mikono, vidole vikakakamaa.

"Baba, hajaja."

Rundah akakimbilia tupa yake, akaukwangua ule upatu wa pili hata mtetemo ukarudi. Binti akacheza, watu wakashangilia.

"Amekuja?" baba akauliza.

"Amekuja, baba."

Jamani, mtu aliyezeeka akisikiliza shaba hadanganyiki kwa sauti ya mwanawe. Rundah akaiweka tupa chini, asiishike tena maisha yake yote.

Ngano yangu ni hiyo. Patu zile mbili zinatetema hadi leo, na ndani hamna mtu.