Mzazi wa Pili wa Simwinga

Hapo zamani, na si zamani ile ya fisi kusema na watu, ni zamani hii ya karibu ambayo mabati na seng'enge vilikuwa vimeshafika vijijini, palikuwa na mkulima jina lake Simwinga. Sogeeni. Wewe uliyekaa mlangoni sogea pia, maana hadithi hii ina watu watatu na kila mmoja nina shaka naye, sitaki kuongeza wa nne.

Simwinga alijenga mgongoni mwa kilima, juu kuliko nyumba zote za kijiji. Alikuwa na mke, Nanzunda. Alikuwa na mwana mmoja aliyekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa, na mwana huyo alimwacha nyumbani mkewe, Naswila, mwenye mimba ya miezi saba. Naswila aliolewa kutoka ng'ambo ya bonde, na watu wa ng'ambo mnajua wanavyotazamwa. Uani palisimama mkaratusi mrefu. Simwinga, kwa ubahili wa nguzo, aliifunga seng'enge ya zizi kwenye shina la mkaratusi huo.

Jirani wa upande wa mashariki aliitwa Sikanyika. Yeye na Simwinga walikuwa na mwaka wa tatu hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Kila mmoja alisema mwenzake anausogeza. Mimi nauliza, mpaka ulisogezwa huku na huku kwa miaka mitatu, mbona ulikuwa palepale?

Sasa nchi hiyo ilikuwa na mambo mawili kuhusu radi. La kwanza, radi haiji yenyewe, hutumwa na mtu. La pili, aliyepigwa na radi haguswi mpaka mganga afike na dawa. Na mtu akimgusa asidhurike, basi huyo ndiye mwenye radi. Mganga alikaa mwendo wa nusu siku. Wengi waliopigwa aliwakuta wameshapoa, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Ikawa msimu wa kupiga maharage. Asubuhi Simwinga na mkewe waligombana, kwa kuwa mume alimpa dada yake debe la mbegu bila kumwambia mtu. Nanzunda alitoka na ndoo kichwani akisema kwa sauti kwamba radi impige. Wanawake waliokuwa njiani walisikia. Msinitazame hivyo, hata ninyi mmeshaambiana hayo na mkala chakula kimoja jioni.

Mchana majirani wanane walikuja kusaidia, wakatandika turubai chini ya mkaratusi, wakayapiga maharage kwa fimbo. Wingu likatoka nyuma ya kilima, jeusi, likija upesi. Watu wakafanya yale waliyozoea. Nanzunda akaingia ndani kufunika kioo. Wenye kanga nyekundu wakazivua. Kisha wote, kwa akili zao timamu, wakajibana kwenye shina la mti mrefu kuliko yote ili wasilowe.

Naswila hakujibana. Mwanga wa radi ulipopita alianza kuhesabu kwa kukunja vidole. Hakumaliza mkono mmoja, ngurumo ikapiga. Akawaambia watoke chini ya mti, waingie ndani, wasishike seng'enge, wala wasisimame mlangoni. Wakacheka. Akarudia kwa ukali ambao mkwe haruhusiwi kuutumia mbele ya baba mkwe wake, na watu wakakimbilia ndani. Nadhani walikimbia kwa mshangao kuliko kwa kuamini.

Simwinga alibaki. Alikuwa ameyafunika maharage kwa turubai na sasa analifunga kwa waya kwenye shina, koleo mkononi. Hakutaka kuacha jasho la watu wanane liote ukungu.

Kwa watu hao, mkwe hamtazami baba mkwe usoni. Akikutana naye njiani hupinda, hata kama ni majanini. Kumgusa ndiyo usiseme. Lakini Naswila alimwendea, akalipiga koleo likaanguka, akamshika kifundo cha mkono na kumvuta. Hawajafika hatua kumi na tano, pakawa peupe kila mahali.

Mkaratusi ulipasuka kutoka kileleni hadi mizizini. Moto ukatembea juu ya seng'enge, ng'ombe wawili waliokuwa wameiegemea wakaanguka pamoja. Simwinga akaanguka. Naswila akaanguka, kisha akainuka damu ikimtoka sikio la kushoto. Sikio hilo halijasikia kitu mpaka leo.

Simwinga hakuinuka. Kifua chake kilikuwa kimetulia. Watu wanane walimtazama kutoka ndani, na hakuna aliyetoka.

Aliyekuja alikuwa Sikanyika. Alitoka shambani kwake akikimbia katika mvua, akauruka ule mpaka, akapiga magoti. Ujanani alikaa kwenye kambi za wavuvi ziwani, akaona waliozama wanavyorudishwa. Akaweka viganja kifuani kwa adui yake, akawa anakandamiza na kuachia, anakandamiza na kuachia. Kila baada ya muda alimwinamia na kumpulizia pumzi mdomoni.

Hapo wanaume walioogopa radi wakapata ushujaa. Walitoka watatu wakisema Sikanyika anammalizia, aondolewe. Nanzunda akawatangulia na mchi wa kinu, akasimama kati yao na mumewe. "Atakayemgusa huyu," alisema, "namvunja mguu, na ninyi mnanijua."

Walimjua. Wakasimama. Sikanyika akakandamiza mpaka mikono ikatetemeka, na Simwinga akakohoa.

Mnadhani walipiga vigelegele? Maneno yalianza kabla nguo hazijakauka. Huyu wa ng'ambo alijuaje kwamba radi inakuja? Huyu jirani amemgusa, mbona hakuungua? Na mke je, si alisema asubuhi, ikawa mchana? Mganga alipofika alikuta kazi yake imefanywa na wengine, jambo ambalo halikumpendeza. Akachoma dawa yake, akasema mwenye radi ni mmoja wa hao watatu, ila moshi haukumwonyesha yupi. Akala, akaondoka.

Siku ya nne Jumbe, mkuu wa kijiji, aliita watu. Akasema kijiji hakiwezi kulala na mwenye radi ndani yake, na kwa kuwa hajulikani, watatu wote wavuke mto na wasirudi. Lakini palikuwa na njia moja ya zamani. Aliyepigwa na radi akafa kisha akarudi, amezaliwa tena. Anaruhusiwa kumwita mtu mmoja "mzazi wangu", naye akiitika, hashukiwi tena maisha yake yote, maana mzazi hamuui aliyemzaa. Simwinga akaomba awaite wote watatu.

"Haiwezekani," Jumbe alisema. "Ulizaliwa mara ya kwanza na mama mmoja, na mara ya pili utazaliwa na mmoja. Ukinyamaza, wanavuka wote."

Wakaambiwa kila mmoja aseme lake. Naswila akaanza, uso chini.

"Kwetu tulizika watu watano waliojikinga mvua chini ya mti mmoja. Tangu siku hiyo mtoto akijua kuhesabu, anafundishwa kuhesabu radi, toka mwanga hadi ngurumo: hesabu ikiwa fupi, iko karibu. Mimi sikuituma, niliihesabu tu. Baba angebaki ameshika ule waya, hao wengine wasingekuta mtu wa kuokoa. Kweli nilimgusa. Nimepoteza sikio na heshima siku moja, na huyu aliye tumboni sijui atazaliwa upande gani wa mto."

Watu wakatazamana. Mmoja akanong'ona kwamba anayejua sana njia ya nyoka huenda anamfuga.

Sikanyika akafuata. Jumbe alimuuliza kwa nini adui amwokoe adui.

"Sitawadanganya," alisema. "Sikumwonea huruma. Nilipouona mti unapasuka nilijua Simwinga akifa, kabla jua halijazama mtasema ni mimi. Nilikimbia kujiokoa mwenyewe. Lakini alikuwa amekufa, Jumbe, nilimshika na alikuwa amekufa, na mikono iliyomrudisha ni hii."

Watu wakatazamana. Na hapa nami nikumbushe kitu ambacho wao hawakukisema kwa sauti: Sikanyika akivuka mto, shamba lenye ugomvi linabaki na nani? Linabaki na Simwinga. Simsemi mtu, nakumbusha tu.

Nanzunda akasimama wa mwisho. Hakutazama chini.

"Nilisema radi impige, na nilikuwa na hasira ya kweli. Huyu mwanamume nimemtukana miaka ishirini na sita na nimempikia miaka ishirini na sita. Nilipomwona Sikanyika ameweka mdomo juu ya mdomo wa mume wangu, hata mimi nilidhani anamnyonya roho. Ninyi mlitaka kumvuta, na moyo wangu ulitaka mumvute. Nikachagua kumwamini adui nikawafukuza ndugu. Ningekosea, ningekuwa nimejifanya mjane kwa mkono wangu. Mngemtoa Sikanyika pale, mngekuwa mmezika mtu. Nani mwingine aliwazuia?"

Watu wakatazamana kwa mara ya tatu, na sasa hata waliotazamana walikuwa wameanza kushukiana.

Simwinga akainuliwa. Ulimi wake ulikuwa bado mzito na mguu mmoja ulikuwa hausikii. Akamtazama mkwe wake usoni, kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Akamtazama jirani yake, ambaye kwa miaka mitatu alimwona mgongo tu. Akamtazama mkewe, naye Nanzunda akatikisa kichwa, lakini kama alikuwa anakataa au anasihi, waliokuwepo wanabishana hadi leo. Simwinga akalia mbele ya watu wote. Jumbe akamwambia mto unajaa.

Akasema, "Mzazi wangu." Akataja jina moja. Mmoja akaitika, na sauti yake haikuwa na furaha hata kidogo. Wawili wakarudi kufunga mizigo, wakavuka mto alasiri ileile maji yakiwa kiunoni, na hakuna aliyewashika mkono.

Jina hilo nalijua. Siwatajii, maana nikilitaja mtaanza kuuliza nilijuaje. Nami nawatazama hapa mlipokaa, naona mmeshaanza kuchagua, na kila mmoja anamshangaa mwenzake alivyochagua. Basi semeni kwa sauti tuwasikie. Aliyemvuta kutoka kwenye mti akapoteza sikio lake, aliyemrudishia pumzi kwa woga wake mwenyewe, na aliyemlaani asubuhi akamlinda mchana: je, nani alistahili kuitika?