Shuka la Bibi Nguchiro

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Na nyie wakubwa mnaojifanya mmewaleta watoto tu, sogeeni pia.

Hapo zamani za kale, kwenye pwani ya Bara Hindi, Bibi Nguchiro alikuwa na ghala la pilipili manga. Humo aliuza, humo alilala na wanawe. Bandarini pale bei haikutajwa kwa mdomo. Muuzaji na mnunuzi walishikana mikono chini ya shuka, vidole vikasema.

Akaja Dubu na merikebu, kutoka Ulaya. "Rafiki yangu Nguchiro!" Akajenga ngome, eti ya kumlinda. Akaja Mbweha na merikebu, kutoka Ulaya hiyo hiyo. "Rafiki yangu Nguchiro! Nimekuja kukuokoa na Dubu." Akajenga ngome yake. Marafiki hao, hakuna aliyewahi kumpa mkono. Walituma watumishi.

Gu! Gu! Mizinga ikajibizana juu ya paa. Watoto wakalia.

"Ukimuuzia Mbweha, nalichoma ghala," akasema Dubu.

"Ukimuuzia Dubu, nalichoma mimi," akasema Mbweha.

Nguchiro akawatazama wanawe. Akamjibu kila mmoja kwa siri: "Njoo mwenyewe, bwana mkubwa. Mtumishi simtaki."

Akatundika shuka zito katikati ya ghala. Dubu akaingia kwa mlango wa bara, Mbweha kwa mlango wa bahari. Hawakuonana. Hawakunusana pia, pilipili imewaziba pua.

"Ingiza mkono, bwana," Nguchiro akanong'ona huku. "Ingiza mkono, bwana," akanong'ona kule.

Mikono ikakutana. Dubu akabana: yote yangu! Mkono ukambana: yote yangu!

"Kumbe kibibi kina nguvu," akawaza Dubu. Akatoa kucha.

Nguchiro huyo, mbio mlimani, watoto nyuma yake. Akageuka. Kitinda mimba hayupo! Akarudi. Moyo ndu, ndu, ndu. Mtoto amelala kando ya mguu wa Dubu. Damu inadondoka toka shukani, to, to. Nguchiro akatambaa, akamng'ata mwanawe shingoni taratibu, akatoka naye.

Praa! Shuka likachanika.

"Wewe!"

"Wewe!"

Wakatimka nje, kila mmoja akiiita ngome yake: "Piga!" Gu! Gu! Ghala likawaka, na pilipili ndani. Moshi ukawafuata. Chya! Chya! Wakajitupa merikebuni hawaoni mbele, kila mmoja akilalamika kwamba Nguchiro hajui urafiki.

Ghala likawa majivu. Lakini mipilipili yenyewe ilikuwa mlimani, na wanawe wote pia.

Basi shikeni hili: anayekuita rafiki naye hata mkono wako haujui, rafiki yake ni ghala lako.

Hadithi yangu imekomea hapo. Anayetaka kupiga chafya, apige.