Siku Aliyowashiwa Taa

Wapendwa, alikuwepo mzee mmoja wa kanisa. Si wa usharika huu, acheni kutazamana. Mtu mwema kabisa: sadaka anatoa, wagonjwa anawatembelea, kwenye kwaya anaimba besi. Ila akishika usukani, kibao cha hamsini kwake ni pambo la barabara.

Siku moja alikuwa anampelekea mama yake mchele na sukari ya Pasaka, mkewe ameketi pembeni. Mama mwenyewe ni mkongwe na masikio yamechoka. Wakaingia kijijini kwa mwendo wa tisini.

"Baba Tumsifu, hapa ni hamsini," mkewe akamwambia.

"Mama Tumsifu, Mungu ana mambo makubwa ya kuangalia. Kijimwendo hiki nacho ni dhambi?"

Mara lori lililokuwa linakuja likamwashia taa. Naona madereva mnacheka. Mnajua maana yake: punguza, trafiki yuko mbele na tochi yake ya kupima mwendo. Mzee akakanyaga breki, akavuta mkanda akajifunga, akaingia kwenye kona taratibu kama anapeleka maharusi.

Trafiki hakuwepo. Katikati ya barabara alikuwepo mama yake, ametoka kuwapokea, anavuka polepole na fimbo yake, hata honi haisikii.

Gari likasimama. Mama akasogea dirishani, akamshika mwanawe shavu.

"Mungu akubariki, mwanangu. Wengine hapa wanapita kama wanafukuzwa. Lakini wewe, tangu mdogo, una huruma."

Mzee akafungua mdomo aseme "Amina." Badala yake akashuka, akamshika mama mkono, akamvusha.

Ndugu zangu, nawapenda, ndiyo maana nawauliza: angeitikaje? Breki ile aliikanyaga kwa ajili ya nani? Si kwa ajili ya mama yake! Mama alipona kwa sababu mwanawe aliogopa faini, basi. Na ingekuwa dereva wa lori hakuwasha taa?

Sisi nasi tunamwona Mungu kama trafiki aliyejificha kichakani na tochi. Tukishampita, tunakanyaga mafuta. Halafu tunasema, aa, kosa dogo hili. Wapendwa, kichakani hayuko. Yuko pale barabarani, anavuka na fimbo, masikio yamechoka, na anaamini kwamba tutapunguza mwendo.